Jicho la kwanza liwe lako

BARUA

Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 21, mkaazi wa Uroa, Unguja. Siku za bamvu naenda pwani na mama kwenye mwani. Siku nyengine nipo nyumbani, nashona. Starehe yangu ni anime, katuni za Kijapani. Nilianza na Naruto nikiwa skuli, na sasa kila msimu mpya ukikaribia nakuwa nimeshajua kinaanza nini na siku gani.

Tupo watatu tunaotazama pamoja kwa mbali: mimi, sahibu yangu anayesoma Tunguu, na mtoto wa ami yangu aliyezaliwa Maskati. Tuna kundi letu la WhatsApp. Msimu ukianza, mimi ndiye ninayetangulia kutazama, halafu nawatumia ujumbe wa sauti: hii nzuri, hii tupeni, hii ngojeni kidogo. Wenzangu wamezoea kunisikiliza, na nakiri kuwa napenda kusikilizwa.

Julai 2024 ilianza Grendizer U. Bando lilinikatikia katikati ya sehemu ya kwanza, na sikuimalizia. Lakini hata kabla sijaifungua nilikuwa nimeshawasikiliza Wamarekani wawili watatu mtandaoni wakiicheka. Nikatuma ujumbe wangu: michoro ya kizamani, hadithi haina kichwa wala miguu, msijisumbue, hii ya wazee. Mtoto wa ami hakujibu mchana kutwa. Usiku akaandika: "Baba aliniita nikae naye tuitazame. Alilia. Na wewe umesema maneno ya watu, hata hayakuwa yako." Akatoka kwenye kundi.

Tangu siku ile hatusemezani. Maulidi yamepita, hata salamu hatukupeana. Kinachoniuma zaidi ni kuwa amesema kweli. Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipotazama kitu bila ya kujua kwanza wengine wanasemaje, na sikumbuki. Sasa Oktoba imeingia na anime mpya zimeanza, naogopa kuzifungua. Kaka yangu anasema ndiyo heri, niachane na mambo ya kitoto.

Shangazi, niache? Na mtoto wa ami nimwambie nini?

Mwenye ulimi mwepesi,
Uroa

JIBU

Mwanangu,

Usiache. Nimelitanguliza jibu hili kwa sababu kuacha hakutatengeneza kitu. Ukiacha anime leo, mtoto wa ami yako atabaki na uchungu wake, na wewe utabaki na desturi ile ile ya kusema kabla ya kuona. Utaihamishia tu kwengine. Kesho utamsema mgeni aliyehamia kijijini, au mchumba aliyekuja kumposa sahibu yako, kwa maneno uliyoyaokota njiani. Bora tuitibu desturi hiyo hapa ilipojitokeza, kwenye jambo unalolipenda na unalolijua.

Kwanza tuyatenganishe mambo, maana kwenye barua yako yamefungwa fundo moja. Kukatikiwa na bando si kosa. Kutoipenda katuni inayopendwa na ndugu yako si kosa pia, moyo haulazimishwi. Hata kuwasikiliza Wamarekani si kosa. Kosa lako ni moja, na ni zito kwa sababu wenzako walikuamini: uliwaambia umeona, na hukuwa umeona. Ukaongeza neno "msijisumbue", ukawafungia mlango ambao wewe mwenyewe hukuuingia. Ulimi hauna mfupa, husema wazee, na wako siku ile uliteleza juu ya kitu kilichokuwa na thamani kubwa nyumbani kwa ami yako.

Nikueleze kitu chenyewe, maana nadhani hukupata nafasi ya kukijua. Grendizer ya awali ilionyeshwa Japani kuanzia 1975 hadi 1977, sehemu 74, kutokana na kazi ya mchoraji Go Nagai. Ni hadithi ya mwana wa mfalme, Duke Fleed, ambaye sayari yao imeangamizwa na majeshi ya Vega. Anakimbia na roboti lake, anafika duniani, mwanasayansi mmoja anampokea kama mwanawe, anaishi kwa jina jengine kati ya watu wa shamba, na anapigana kuilinda nchi ambayo siyo alikozaliwa. Huko Lebanoni katuni hiyo ikatiwa sauti za Kiarabu, wakati nchi yenyewe imo vitani, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaenea kwenye televisheni za nchi za Kiarabu. Wimbo wake wa Kiarabu uliimbwa na Sami Clark, Mlebanoni aliyefariki 2022, na wapo watu wazima wenye wajukuu wanaoujua kwa moyo mpaka leo. Grendizer U ya Julai imezaliwa na mapenzi hayo. Manga Productions, kampuni ya Saudi Arabia, imo kati ya washirika walioifufua pamoja na Wajapani.

Sasa mfikirie ami yako: pengine ni mtoto wa Unguja aliyekulia Maskati, anayesikia Kiswahili ndani na Kiarabu mlangoni. Huhitaji mtu kutoka nje kukufafanulia kwa nini mtoto wa aina hiyo angemuweka moyoni yule mwana wa mfalme anayeishi kwa jina jengine kwenye nchi ya wengine. Miaka arobaini na zaidi imepita, akamwona tena, safari hii binti yake yuko ubavuni. Akalia. Na kwenye simu ya binti kukawa kunangojea ujumbe wa ndugu yake wa Uroa unaosema ni upuuzi wa wazee.

Wale uliowasikiliza nao wana haki yao. Marekani Grendizer haikupata jina kama lile ililolipata Uarabuni, au Ufaransa, ambako ilifika 1978 kwa jina la Goldorak na ikawashika watoto wa nchi nzima. Mtu asiyekua nayo ataona roboti la zamani lililopakwa rangi mpya, na atasema hivyo. Walisema kwa macho yao. Wewe ndiye hukusema kwa yako. Na katika wote walioizungumza wiki ile, wewe, binti wa ukoo ule ule, ulikuwa na nafasi ya kuona kitu ambacho wao wasingeweza kukiona hata wangeitazama mara kumi.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa, na dawa yake haihitaji fedha. Kabla ya kuitaja, tuulizane: sehemu ya kwanza ya anime inaweza kumwambia mtu nini, na haiwezi kumwambia nini?

Unajua mwenyewe kuwa televisheni za Japani huugawa mwaka mafungu manne, na anime mpya huanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kwetu hapa hiyo ni kaskazi, masika, kipupwe na vuli. Kila fungu huja na makumi ya hadithi mpya, nyingi za sehemu 12 au 13, kila sehemu dakika kama 24 ukihesabu na nyimbo. Kwa kawaida sehemu ya kwanza ndiyo iliyopewa muda mrefu zaidi wa kutayarishwa na wachoraji hodari zaidi wa studio, kwa sababu ndiyo inayowaita watu. Zinazofuata hukimbizana na wiki, na si kila studio inafika mwisho ikiwa na pumzi ile ile. Usione vyaelea, vimeundwa. Kwa hiyo ukiniambia baada ya sehemu moja kuwa michoro ni mizuri ajabu, nitakuamini kuhusu sehemu hiyo tu.

Watengenezaji nao wanalijua jicho la kwanza na wanalichezea. Madoka Magica ya Januari 2011 ilikuja kwa sura ya katuni laini ya wasichana wadogo na vinyama vyao, na sehemu ya tatu ikageuka kiasi kwamba watazamaji wengi mpaka leo hujiwekea kanuni ya kutazama sehemu tatu kabla ya kuhukumu. Oshi no Ko ya Aprili 2023 ilianza na sehemu ya dakika 90, kwa kuwa bila ya kufika mwisho wa sehemu ile mtu asingeelewa hadithi inahusu nini. Frieren, Septemba 29 mwaka huo huo, ilionyeshwa sehemu nne kwa usiku mmoja. Ni hadithi tulivu ya mwanamke wa kabila linaloishi maelfu ya miaka, aliyesafiri miaka kumi na mashujaa wenzake, akaiona ni miaka michache tu. Mmoja wao, Himmel, anazeeka na kufa, na pale kaburini ndipo mwanamke anapojua kuwa hakumjua, wala hakujaribu. Nadhani waliotengeneza waliona dakika 24 hazitoshi kulibeba jambo kama hilo. Ikiwa wenye kazi wenyewe wanaogopa kuhukumiwa kwa nusu saa, wewe uliyehukumu kwa robo saa ulikuwa na haraka ya nini?

Wewe unaujua mwani. Siku ya kufunga mbegu kwenye kamba hakuna mama hapo Uroa anayesema mavuno yatakuwa mangapi. Hungojea wiki kama sita, na bamvu kwa bamvu akienda pwani huangalia rangi, kama kamba imelegea, kama samaki wamekula. Ila siku ile ya kwanza huwa anaona kitu: kwamba mbegu ni nzima, kwamba fundo limekaza. Anasema hilo aliloliona kwa macho, na mengine anayaachia siku zake.

Nawe usiache kusema mapema. Maneno ya mwanzo yana thamani yake. Baadaye mtu huzoea, na akishazoea hawezi tena kukueleza kilichomgusa alipokuwa mgeni. Ninachotaka ni useme kwa mpango. Ujumbe wako kwa wenzako uwe na mambo matatu: nimeona nini, nimehisi nini, na nini bado sijakijua. Tuichukue Grendizer U yenyewe. Ungesema: "Nimetazama nusu, bando limekatika. Michoro inanikumbusha katuni za zamani na sijaizoea. Yule mwana wa mfalme bado sijamwelewa anataka nini. Nikipata bando namalizia." Hapo umesema kweli, hukukisifu usichokipenda, na mtoto wa ami angekujibu: "Ngoja nikwambie baba anasemaje." Mazungumzo yangeanzia pale yalipovunjikia.

Jambo la pili ni mpangilio. Tazama kwanza, sema, halafu ndipo uwasikilize wengine. Si lazima uwafunge milango wachambuzi wa nje. Wengine wana elimu nzuri, wanajua nani ameongoza kazi gani na studio gani ilifanya nini kabla. Lakini wakitangulia wao, wewe utakwenda kutafuta yale waliyoyaona, na utayapata, na utadhani umeona.

Watu wa visiwa hivi hawakuwa hivyo, na hili nataka ulijue kwa sababu ni urithi wako. Katika miaka ya 1950 watu wa Mjini walijaa kwenye sinema za Majestic, Sultana na Empire kutazama filamu za Kihindi, na wengi wao hawakujua Kihindi. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka India 1951, ilizungumzwa hapa kama habari ya jirani: kosa la baba, haki ya mama, mapenzi na heshima. Mwanahistoria Laura Fair ameyaandika haya baada ya kuwasikiliza wazee waliokuwemo kwenye viti vile. Hakuna aliyewatangulizia la kusema. Waliihukumu filamu kwa mizani ya nyumba zao, na mjadala ukaendelea barazani.

Na kijiji chako mwenyewe kimo vitabuni. Mwanaanthropolojia wa Norwei, Tanja Winther, alikaa Uroa na kuandika kitabu kizima kuhusu umeme ulivyoyabadilisha maisha yenu; kilitoka 2008. Televisheni ya Zanzibar ilikuwa hewani, na ya rangi, tangu miaka ya 1970, kama miaka ishirini kabla ya Tanzania Bara kuwa na kituo chake 1994. Lakini Uroa umeme uliingia karibu na 1990, na televisheni zilipoanza kuja zilikuwa za kuhesabika, kwa hiyo jioni watu walikusanyika kwenye nyumba chache zenye nazo. Muulize mama, na waulize majirani zake wa umri wake. Aliyekuwa na la kusema alilisema pale pale, mbele ya watu waliokuwa wakiona kitu kile kile, na akikosea husahihishwa kabla hajainuka. Wewe unatazama peke yako, simu mkononi, na sauti za watu usiowajua zinakufikia kabla ya picha. Si kosa lako kuzaliwa wakati huu. Lakini kundi lenu la watatu ndiyo ile nyumba ya jioni, na ndiyo maana sitaki ife.

Wafikirie na wasimulizi wa filamu. Lufufu alipata jina Dar es Salaam, na DJ Afro akalipata Kenya, kwa kuwasimulia watu filamu za nje kwa Kiswahili. Filamu haikuwa yao, sauti ilikuwa yao, na watu waliifuata sauti. Wenzako nao wanafuata ya kwako. Mtu wa Tunguu na mtu wa Maskati wanaweza kuwasikiliza Wamarekani bila ya kupitia kwako. Wakikufungulia wewe, wanataka kujua inavyoonekana kutoka Uroa.

Tujaribu basi, na vuli hii inayokutisha. Nimezitazama sehemu za mwanzo za Oktoba hii ya 2024, na nitakuonyesha penye nafasi ya jicho lako, bila ya kukupa hukumu yangu.

Ipo Dandadan, ya studio ya Science SARU, kutoka manga ya Yukinobu Tatsu. Msichana, Momo, anaamini mizimu na hakubali viumbe wa anga. Mvulana anaamini viumbe wa anga na anaicheka mizimu. Wanapelekana kila mmoja kwenye mahali pa mwenzake ili wathibitishe, na vyote viwili vinakutwa vipo. Momo amelelewa na bibi yake, na bibi huyo kazi yake ni mizimu. Mchambuzi wa mbali atalitaja hilo kuwa ni kichekesho au ajabu. Wewe umekulia kwenye kisiwa ambacho kila kijiji kina mti au pango lenye wenyewe, na bibi anayejua pepo na dawa zake huhitaji kutambulishwa kwake. Je, amechorwa kwa heshima au kwa dhihaka? Hilo unaweza kulisema vizuri kuliko wengi. Na katika sehemu ya kwanza kuna tukio la msichana kushikwa na kuvuliwa nguo na viumbe wale. Ikiwa limekukera, sema limekukera, na useme kwa nini. Usiogope kuonekana mshamba. Haya uliyofunzwa nyumbani ni sehemu ya macho yako.

Ipo Orb, ya Madhouse, kutoka manga ya Uoto. Inaanza na mateso, na mwenye moyo mwepesi ataifunga dakika za mwanzo, nakutahadharisha. Inasimulia Ulaya ya karne ya 15, na watu wanaohatarisha roho zao kwa wazo kwamba dunia inalizunguka jua. Kijana wake, Rafał, ana miaka 12 tu na tayari ana kiburi cha aliyeambiwa mara nyingi kuwa ana akili. Mtu wa mji mkubwa, ambako taa zimefunika nyota, atatazama mbingu zile kama pambo. Wewe unahesabu mwezi ili ujue bamvu, unasubiri mwezi uandame ili ufunge, na wavuvi wa kwenu wanazijua nyota. Unaweza kusema kama mbingu ile imechorwa na mtu aliyewahi kuitazama.

Na ipo Dragon Ball Daima, iliyoanza Oktoba 11, ambamo Goku na wenzake wanageuzwa watoto. Akira Toriyama, muasisi wake, alifariki Machi 1, 2024 akiwa na miaka 68, na hadithi hii ni katika kazi zake za mwisho. Wengi wanaitazama wakiwa na msiba. Yule ambaye hana msiba huo ataona watoto wanarukaruka. Kabla ya kuisema, jiulize nani katika kundi lenu alikua na Goku. Huko ndiko kujifunza kwa kilichotokea Julai: uliza mwenzako anaingia na nini kabla ya kumwambia atoke.

Kuhusu kaka yako, mjibu kwa upole. Akikulalamikia kuwa fedha za bando zinakwisha, msikilize, hapo ana neno. Chagua hadithi tatu kwa msimu badala ya kuonja kumi na tano, na utamaliza unachokianza. Akikwambia ni mambo ya kitoto, mkaribishe akae atazame sehemu moja nzima, halafu aseme alichokiona. Kanuni niliyokupa wewe ni yake pia.

Sasa mtoto wa ami. Nimemuweka mwisho kwa sababu nilitaka ufike kwake ukijua unachokiombea radhi.

Usianze kwa kuitazama Grendizer U. Najua utatamani uimalize kwanza sehemu zote 13 kisha umwendee na sifa, ili akusamehe. Atajua, na atakuwa na haki ya kukasirika mara ya pili, kwa sababu sifa za kutafutia msamaha nazo si maneno yako. Omba radhi kwanza, ungali hujui utaipenda au hutaipenda. Radhi yako haihusiani na uzuri wa katuni.

Usiandike, piga simu. Asipopokea, tuma sauti, fupi, bila ya vichekesho wala "kama nimekukosea". Sema: "Nilisema nimeona na sikuwa nimeona. Niliyoyasema niliyasikia kwa watu. Niliyasema juu ya kitu cha baba yako, na sikuuliza. Nisamehe." Usitaje bando, hata kama ni kweli, ukilitaja utakuwa unajitetea. Halafu mwache. Anaweza kujibu saa ile ile, anaweza kukaa mpaka mwezi mwengine. Maulidi yamekupita, lakini salamu za Ijumaa zipo kila wiki; mpelekee, wala usimdai jibu.

Ami naye ana haki yake, tena ni mkubwa wako. Mpigie, mwamkie, na umuombe akusimulie: aliitazama wapi Grendizer mara ya kwanza, nani alikaa naye, wimbo uliimbwaje. Kumbuka ile Frieren, na kinachomuumiza yule mwanamke: alikuwa na miaka kumi ya kuuliza na hakuuliza. Ami yako yu hai, anasema Kiswahili, na ana hadithi ambayo hakuna mchambuzi yeyote aliyenayo. Akishakusimulia, ndipo uitazame, kuanzia mwanzo, sehemu zote.

Na ukimaliza, ikiwa bado hukuipenda, mwambie mtoto wa ami hivyo hivyo. Mwambie ulichokiona, ulichohisi, na pale ulipokumbuka maneno ya baba yake. Alichokulaumu ni kusema ya watu, wala hakukulaumu kwa kutoipenda. Kwa nilivyomsoma kwenye zile sentensi zake chache, huyo ni mtu atakayeipokea kweli yako hata ikiwa kinyume na yake. Watu kama hao ni wachache, na wewe umejaaliwa mmoja ndani ya ukoo.

Kwa hiyo leo usifungue anime yoyote. Leo piga simu Maskati.

Akujaalie Mola wepesi,
Shangazi